Mwaka Tuliofundishwa Kusema Sorry

Kibao wenzangu wa shule walikichonga upya. Walikwenda kwa fundi seremala wa Kasulu, wakamwagiza kipande cha mninga ukubwa wa kiganja, akakitoboa juu, akakitia kamba ya katani, na akakichoma maandishi yale yale kwa msumari wa moto: SPEAK ENGLISH. Kisha kwenye sherehe ya sisi tuliosoma pamoja Kibondo, ndani ya ukumbi wa kukodi, Deo aliyekuwa mshereheshaji akakitoa mfukoni, akakiinua juu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wazima wenye mvi zao wakasukumana, kila mmoja akitaka avishwe apigwe picha. Mimi nilikuwa nimeshika paja la kuku. Nikalirudisha kwenye sahani.

Mgeni rasmi alikuwa Mwalimu Tensi. Jina lake halisi silisemi, ana wajukuu. Tensi tulimwita sisi, kwa jinsi alivyozipenda tenses za Kiingereza kuliko alivyotupenda sisi. Sasa ni mzee, na walikuwa wamemvika mashada ya karatasi zinazometameta mpaka kidevuni. Alipopewa maiki akatushukuru, akasifu nidhamu ya zamani, akasema vijana wa leo hawajui lugha yoyote, na mwisho akatabasamu: "Kama kuna mtu nilimkosea wakati ule, sorry." Watu wakapiga makofi. Akaketi, akaomba soda. Sorry! Neno moja, kama mtu aliyekukanyaga kidole kwenye foleni ya sokoni, na mwaka mzima wa maisha yetu ukawa umefungwa. Getruda aliyekaa kando yangu akanigusa kiwiko. "Vero, mbona umenuna? Si utani tu." Nikamuuliza, Skola yuko wapi. "Skola yupi?" Skolastika wa Kitahana. Akafikiri kidogo, akakumbuka. "Ah, yule aliyeacha shule?" Nikamwambia hakuacha. Nilisema kwa sauti ambayo sikuikusudia, na meza ya jirani ikageuka kututazama.

Nina hasira, na sitaomba radhi kwa kuwa nayo. Nimekaa nayo kimya muda mrefu kuliko inavyostahili. Sehemu ya hasira hiyo ni ya Mwalimu Tensi, sehemu ni ya wale waliocheka ukumbini, na sehemu kubwa kuliko zote ni yangu mimi, kwa sababu mambo ya mwaka ule, mwaka wa kidato cha pili, hayakufanywa na mwalimu peke yake.

Kibao kilifanya kazi hivi. Asubuhi kilikuwa shingoni mwa yule aliyelala nacho. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kumsikia mwenzake akitamka Kiha, lugha yetu ya nyumbani, au Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili. Akimsikia, anamvisha. Huyo naye anamtafuta mwingine. Jioni kwenye paredi, yule aliyekutwa nacho anachapwa viboko vinne mbele ya wote, na Jumamosi anang'oa visiki kwenye shamba la shule, wala mwenye kibao haruhusiwi kutoka getini mpaka amalize. Anayekutwa nacho mara tatu katika muhula anarudishwa nyumbani kuleta mzazi. Mwalimu Tensi hakuhitaji kutembea na fimbo kutusikiliza. Alitufanya tusikilizane wenyewe. Ukienda kuteka maji, unajua aliye nyuma yako ametega sikio. Ukikanyaga moto jikoni, unajiuma mdomo kwanza, ndipo unaruka.

Nakumbuka bwalo la chakula kuliko darasa. Lilikuwa ghala la zamani la mazao, sakafu ya saruji iliyopasuka, madirisha ya juu yenye wavu. Ugali wa muhogo na maharage, siku zote, na Jumapili moja moja dagaa. Watoto mia na zaidi walikula humo, na huku kwetu chakula bila maneno ni chakula cha msibani. Lakini mle ndani ulisikia vijiko tu, na mara moja moja mtu akisema kwa Kiingereza, "Give me salt." Tulizungumza kwa macho. Tulikonda siyo kwa njaa, maana kula tulikula.

Neno la kwanza kila mmoja alilolijua sawasawa lilikuwa sorry, na lilitutosha kwa mambo yote. Ukichelewa, sorry. Ukitaka kupita katikati ya watu, sorry. Hukusikia swali, unainua sauti mwishoni: sorry? Umesikia ila hujui jibu, unainamisha kichwa: sorry, sir. Mwenzako kaangukiwa na ndoo, sorry. Wewe ndiye uliyemwangushia, sorry vilevile. Nyumbani tulikuwa na neno la kumpa aliyeumia, neno jingine la kukiri kosa, na jingine la kuomba njia, na kila moja lilikuwa na mahali pake pa kusemewa, uso wake na mikono yake. Hapo shuleni tulipewa neno hilo moja, kama kitenge kimoja cha kubebea mtoto, kufutia meza na kufunikia maiti. Sikatai, wenye lugha yao labda wanajua kulisema hata likawa na uzito. Sisi tulifundishwa kulisema ili tusichapwe.

Skola alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Alikuwa mfupi, mwenye pengo mbele, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote, na Kiha kilimtoka kabla hajafikiri. Kibao kilimpenda. Akikivishwa alikuwa anacheka, anasema kwa Kiingereza chake cha kubangaiza, "My necklace is come back." Jioni taa ikiwashwa bwenini alishuka kitandani kwangu na karanga mfukoni, akanielekeza hesabu za pembe kwa kuchora kwenye blanketi, bila neno, na nilielewa. Hesabu niliyofaulu nayo ni ya Skola. Cheti changu kina jina langu peke yake.

Siku moja katikati ya mwaka mama yake alikuja kumtembelea. Alitembea kutoka Kitahana na kikapu cha ndizi mbivu na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi. Alisimama getini wakati wa mapumziko, akatuona wasichana kama kumi, akaweka kikapu chini, akainama, na akatusalimu kama mama wa Kiha anavyosalimu: akipiga makofi polepole, akituamkia, "Mwakeye, mwakeye," akingoja tuitikie ili aendelee kuuliza habari za usiku, za masomo, za afya. Kibao kilikuwa miongoni mwetu, shingoni mwa Getruda. Hakuna aliyeitika. Watoto kumi wa Kiha tumesimama mbele ya mtu mzima aliyeinama, na mikono yetu imeganda. Akarudia. Makofi yake yakapungua, yakakoma. Akamtazama Skola, akamuuliza kwa Kiha, "Wenzako wanaumwa?" Skola akatutazama sisi. Na mimi, kwa aibu, nikatafuta kitu cha kusema, nikasema, "Sorry." Yule mama akatikisa kichwa kama anayekubali, ingawa hakuelewa. Asali yake tuliimaliza kwa siku mbili.

Sikuwahi kusimuliwa mahali popote kwamba mtoto wa Kiha anaweza kuacha salamu ya mkubwa ianguke chini hivyo. Tulifanya. Wala usiniambie tulikuwa watoto. Mtoto ndiye anayefundishwa kuitikia.

Miezi miwili baadaye, siku ya Ijumaa, kibao kilikuwa kwangu. Nilikuwa nimekutwa nacho mara mbili muhula ule, na hii ingekuwa ya tatu. Tangu asubuhi nilizunguka nikitega masikio kama paka kwenye tundu, na kila niliyemkaribia alifumba mdomo. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nyuma ya jiko nikisubiri sahani zikauke. Skola alikuwa mbele, kwenye rundo la kuni. Mjomba wake akaja kwa baiskeli, jasho limemkauka usoni na vumbi jekundu. Hakusalimu. Akamwambia kwa Kiha kwamba mama amezidiwa, amepelekwa hospitali ya misheni kule Kabanga, na tangu jana anamtaja yeye. Kuna lori linaondoka Kibondo mjini saa kumi, dereva amekubali kumpa nafasi. Aombe ruhusa upesi, yeye mjomba atamngoja kwenye lori.

Nilisikia kila neno. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka yote hii nimesema kinyume. Nilisikia mama, nilisikia Kabanga, nilisikia saa kumi. Skola akadondosha kuni, akashika kichwa, akaita, "Mawe! Mawe wee!" Ndivyo anavyoita mtoto wa kwetu anapomlilia mama. Na mimi nikatoka nyuma ya jiko, nikavua kile kibao shingoni mwangu, nikamvisha. Hata kola yake niliisogeza kamba isimkwaruze shingo. Mjomba wake alinitazama asijue ninafanya nini. Labda alidhani ni hirizi.

Skola akakimbilia ofisini hivyo hivyo, kibao kinamgonga kifuani. Mimi nikamfuata hadi dirishani, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama Mungu yupo. Mwalimu Tensi alikuwa anakula machungwa juu ya gazeti. Skola alipiga magoti, akaanza kusema kwa Kiswahili. Mwalimu akaweka kiganja sikioni. "Sorry?" Akajaribu tena, Kiha na Kiswahili vimechanganyika na kilio. "Sorry?" Hakuwa kiziwi. Kiswahili alikijua kuliko sisi sote, ndicho alichokulia huko alikotoka. Mara ya tatu, Skola akakusanya Kiingereza chote alichokuwa nacho: "Sir, my mother is sick, I go." Mwalimu akameza kipande cha chungwa, akaonyesha kibao kwa kidole. Akamwambia, kwa Kiingereza taratibu kama mtu anayesoma imla, kwamba mwenye kibao hatoki getini mpaka amalize adhabu ya Jumamosi. Sheria ni sheria. "Sorry," akamalizia. Safari hii alikuwa anamaanisha: toka.

Lori liliondoka. Jioni Skola alichapwa viboko vinne. Jumamosi aling'oa visiki tangu asubuhi hadi jua kupinda, peke yake, na alipomaliza hakukuwa na gari. Jumapili baada ya ibada mjomba akarudi, safari hii akitembea na baiskeli mkononi, na hakuna aliyehitaji kumuuliza habari.

Mnadhani basi kibao kilipumzishwa siku ile? Kilikuwa shingoni mwa msichana mmoja wa darasani kwetu, naye alikuwa na woga wake kama nilivyokuwa na wangu. Kiranja akatupanga mstari bwenini tumfariji mfiwa. Kwenye lugha yetu ya Kiswahili liko neno pole, fupi, laini, hata asiyejua Kiswahili analijua. Hatukulisema. Tulipita mbele ya Skola mmoja mmoja, wasichana thelathini, tukimpa mkono: sorry, sorry, sorry. Yeye alikaa kwenye sanduku lake la bati, akitazama magoti. Zamu yangu ilipofika niliongeza. Nikasema, "Sorry, I did not know." Hapo ndipo aliponyanyua uso. Aliniangalia muda wa kutosha kuhesabu tano, akarudisha macho magotini. Alasiri akabeba sanduku lake kichwani akatoka na mjomba, na hakurudi. Nyumbani kulikuwa na wadogo wanne wa kulea. Ndiyo hiyo inayoitwa kuacha shule.

Mimi nilifaulu. Niliajiriwa, nikakaa mezani ofisini, miaka ya mwisho huko Kakonko. Na nataka niseme hili nikiwa na hasira hii hii: nililitumia neno lile mpaka likachakaa. Sori mama, mhusika katoka. Sori mzee, fomu zimekwisha. Sori, rudi Jumatatu. Wazee waliotembea tangu alfajiri waliinamisha vichwa kama yule mama wa getini, wakaondoka. Nilikuwa Mwalimu Tensi bila chungwa. Nilikuwa najua Skola yuko Kitahana, analima maharage na kuuza sokoni, mwendo usiozidi asubuhi moja, na kila mwaka nilipata sababu ya kutokwenda.

Usiku wa sherehe sikusema kitu ukumbini zaidi ya yale niliyomwambia Getruda. Nilitoka, na kesho yake nikapanda gari la Kibondo, na siku iliyofuata bodaboda ikanishusha Kitahana mbele ya nyumba ya bati yenye migomba nyuma. Skola alikuwa uani akipepeta maharage. Amenenepa kidogo, pengo limekuwa mapengo. Alinitambua kabla sijavua kofia ya bodaboda. Akaweka ungo chini, akainama, akapiga makofi, akanisalimu kwa salamu ndefu yote, habari za safari, za nyumba, za watoto, bila kuruka hata moja, na mimi nikaitikia zote. Akanikaribisha ndani. Akaleta maji ya kunawa. Akaleta ugali wa muhogo na maharage, na tukacheka kidogo, maana wote wawili tulikumbuka bwalo.

Kabla sijala nikamwambia, "Skola, nimekuja kwa jambo." Njiani nilikuwa nimejizuia. Nilikuwa nimeapa kwamba lile neno halitanitoka kinywani. Nikazungumza Kiha, na Kiha changu kilikuwa na kutu, nikatafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano gizani. Nikamwambia nilimkosea. Nikamwambia kibao kile nilimvisha mimi, kwa kuogopa kurudishwa nyumbani, na kwamba mama yake alikufa akimngoja kwa sababu yangu.

Akaokota punje ya harage iliyoanguka mkekani, akaiweka pembeni ya sahani. "Kwamba ulinivisha, hilo najua. Nilikuona," akasema. "Mimi nina swali moja tu. Mjomba alipokuwa anasema, wewe ulikuwa nyuma ya jiko. Ulisikia?"

Nilifika hapo na majibu yote isipokuwa hilo. Ningeweza kusema sikumbuki. Ni zamani, nani angebisha? Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, limevaa viatu.

"Nilisikia," nikasema. "Yote. Mpaka saa ya lori."

Skola akashusha pumzi, ndefu. Hakulia, na mimi nilijikaza nisilie mbele yake, maana machozi yangu yangemlazimisha anibembeleze. "Basi," akasema. "Miaka yote nimekuwa nabishana mwenyewe. Nikiwa shambani nasema, Vero hakusikia, asingeweza. Nikilala nasema alisikia. Umenipumzisha ubishi."

"Utanisamehe?"

"Kula kwanza, ugali unapoa."

Nikala. Aliniangalia nikila mpaka sahani ikaisha. Kisha akasimama, akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha kwa kidevu. "Mama yuko pale, chini ya migomba, penye msalaba wa mbao. Kuniomba msamaha mimi usiwe na haraka. Mwambie yeye kwanza. Na umwambie kwa Kiha, Vero. Yeye Kiingereza hakukijua."

Nikavua viatu mlangoni. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri, msalaba umepakwa chokaa upya. Nilisimama hapo sijui pa kuanzia, mikono imeganda vilevile kama siku ile getini, mpaka nikakumbuka kwamba yule mama alikuwa ameshaanza yeye, na kwamba ilikuwa zamu yangu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole, nikaitikia salamu yake.